Skonzi Mbili za Tangi la Perdue

Alonzo Broadnax alikuta karatasi ya oda imejazwa kwenye meza ya sita, na meza ya sita ilikuwa haijakaliwa na mtu tangu treni itoke Omaha.

Mwingine angesema ni abiria amepita, ameandika, ameghairi, amekwenda zake. Lakini Alonzo alikuwa mhudumu wa behewa la chakula la treni hiyo, Kimondo, kwa miaka thelathini na moja, na siku ile alikuwa na abiria watano tu. Wote alijua walipokaa na walichokunywa. Kwenye Kimondo mhudumu haruhusiwi kupokea oda kwa mdomo. Abiria anaandika mwenyewe kwa penseli, awe gavana awe muuza bima, na kisichoandikwa hakipikwi. Alonzo aliipenda sheria hiyo, maana ilimwepusha na kesi nyingi.

Akaiokota ile karatasi. Herufi zilikuwa kubwa, zimelalia nyuma, za mtu anayeandika kwa mkono asiouzoea. *Skonzi mbili. Kama zamani.*

Hapo ndipo harufu ilipomfikia: moshi wa makaa ya mawe na udongo uliolowa. Kimondo ilikuwa treni ya dizeli, madirisha yake hayafunguki, hewa yake inapozwa kwa mashine. Makaa ya mawe hayakuwahi kupanda humo tangu iundwe. Na kiti cha dirishani kilikuwa kimelowa maji.

"Vipi, Lon, umekutana na mkwe wako?" aliuliza Roscoe Tibbs, mpishi, akichungulia kutoka jikoni. "Uso umekuwa wa majivu."

"Umeunguza kitu?"

"Niunguze nini, bwana? Jiko lenyewe wameshaling'oa nusu. Hapa naunguza roho yangu tu."

"Husikii harufu ya makaa?"

Roscoe akavuta pua mara mbili. "Nasikia harufu ya uzee, na huo ni wako."

Alonzo akacheka kidogo ili mambo yaishe. Akaikunja karatasi, akaitia mfuko wa koti lake jeupe, akaangalia saa. Saa sita kasoro dakika kumi. Nje ya kioo mahindi makavu ya Iowa yalikuwa yakikimbia kurudi nyuma, na katikati ya mahindi, kwa muda wa kupepesa jicho, ikapita misingi ya mawe ya tangi la maji lililobomolewa siku nyingi. Kila safari alikuwa na desturi ya kushusha pazia kabla ya mahali pale. Siku ile alisahau.

Alijua vizuri sana ni nani anayetaka skonzi mbili.

Turudi nyuma kidogo, mwaka wa thelathini na sita, wakati wa ile dhiki kubwa, wanaume wazima wakizunguka nchi kutafuta kazi ya mlo mmoja. Alonzo alikuwa kijana wa miaka ishirini na tisa, mhudumu kwenye treni ya mvuke iliyokohoa na kutapakaza masizi kutoka Omaha hadi Chicago. Treni ile ilikuwa na kiu. Ilisimama kila mahali kunywa maji, na kwenye tangi la Perdue ilisimama dakika kumi na mbili. Dakika hizo wapishi walifungua mlango wa jikoni wakawagawia wenye njaa mabaki. Hawakuruhusiwa, lakini ni nani angemtazama binadamu mwenzake machoni halafu akamwage mkate shimoni?

Pale Perdue alikuwa akija mwanamke mmoja wa kizungu, amevaa koti la mwanamume, viatu amevifunga kwa kamba. Hakuwahi kusema jina lake. Alinyoosha mkono wa kulia, akasema "mbili," akapokea skonzi mbili ndani ya kitambaa cha mezani, na safari iliyofuata alirudisha kitambaa kimefuliwa. Mtu na heshima zake.

Kisha ikatangazwa Kimondo. Treni nzima ya chuma kisichoshika kutu, imechongoka mbele, inang'aa hadi macho yanauma, maili tisini kwa saa. Bendi zilipiga, watoto wa shule walipewa likizo waende kuitazama, na Alonzo akachaguliwa miongoni mwa wahudumu mia mbili. Kwa furaha alimwambia yule mwanamke siku ya mwisho ya treni ya mvuke, "Alhamisi napita na treni mpya, bibi! Utaona inavyong'aa!"

"Na skonzi?"

"Kama kawaida. Simama palepale."

Ndivyo alivyosema. Ulimi wake ulikuwa umezoea kusema hivyo, na furaha haikumpa nafasi ya kukumbuka kwamba dizeli hainywi maji. Kimondo haikuwa na haja ya kusimama Perdue, si Alhamisi ile wala siku nyingine yoyote.

Alhamisi mwanamke alisimama palepale, karibu na reli, mkono ameunyoosha, masikio yakisubiri ule mkohoo wa mvuke unaosikika toka maili tatu. Kilichomjia kilikuwa mvumo tu. Alonzo alikuwa nyuma ya kioo kisichofunguka, skonzi mbili mkononi bado za moto, na alichokiona kwa ule upesi ni mkono wa koti ukiruka peke yake.

Gazeti liliandika mistari miwili: mwanamke asiyejulikana kagongwa na treni, hana mtu. Alonzo alilisoma, akalikunja, akanyamaza. Mtu mweusi anayegawa chakula cha kampuni kwa siri, tena kwa mwanamke mzungu, kwenye tangi lisilo na mashahidi. Angemweleza nani, na nani angemwacha amalize? Alinyamaza miaka thelathini na moja. Alinyamaza wakati wa vita, askari walipolala hadi kwenye vijia. Alinyamaza miaka ile mizuri ya samaki wabichi wa mtoni na maua mapya kila meza. Alinyamaza hadi ndege na barabara kuu zikawachukua abiria, vitambaa vya meza vikawa vya karatasi, wabeba mizigo wakapunguzwa, na mhudumu akawa ndiye huyohuyo wa kuweka kigoda mlangoni na kuwashika mkono kina mama wakipanda. Sasa tangazo lilikuwa limebandikwa: Kimondo inafutwa, safari ya mwisho Alhamisi ijayo.

Na hayo yote angeyabeba hadi kaburini kama si Coralee.

Coralee alikuwa mjukuu wake, miaka saba, mtoto wa binti yake Ardella. Wawili hao walihamia kwake Chicago mwezi wa tatu, na tangu hapo Alonzo alikuwa akimletea mtoto skonzi zilizobaki kwenye treni, amezifunga kitambaani. Ni desturi ya wahudumu wote. Mtoto akala, akafurahi, na akaanza kukonda. Alikula uji, akala nyama, akala sahani ya mama yake, na mbavu zikazidi kuhesabika. Madaktari walimpima damu na choo wakakuta hakuna kitu. Kufikia mwezi wa kumi alikuwa akipandishwa ngazi kwa kubebwa.

Jioni aliyorudi na ile karatasi mfukoni, Alonzo alimkuta Coralee mezani, kiti cha pili kimesogezwa karibu naye. Kiti hicho kilikuwa kimelowa, na chumba kizima kilinuka makaa ya mawe.

"Unaongea na nani, mama?" aliuliza kwa sauti ya chini.

"Siongei. Namgawia."

"Nani?"

Mtoto akamtazama babu yake, akaendelea kutafuna.

Kesho yake alikwenda kwa Mama Eulalie, bibi mwenye asili ya Louisiana aliyekuwa na kanisa la chumba kimoja nyuma ya kinyozi, ambaye watu walimwendea kwa mambo yasiyosemwa hospitalini. Bibi aliinusa ile karatasi kabla ya kuisoma. Alimsikiliza Alonzo hadi mwisho bila kumkatiza.

"Huyo si jini wa kutumwa," alisema. "Ni mtu uliyemwahidi. Treni ikifutwa, ahadi inabaki haina pa kukaa ila kwako nyumbani, na mtoto huyo hamalizi mwezi. Umenielewa?"

"Nifanye nini, mama? Niambie lolote."

"Treni isimame palepale. Ushuke chini mwenyewe, umpe mkononi, umwambie umechelewa. Halafu upande haraka. Na sikiliza hili: anayekuja kuandika ni kivuli tu; yeye mwenyewe asikanyage ngazi. Akipanda, mimi simwezi tena." Akaiinua karatasi. "Kwa nini mbili? Alikuwa peke yake?"

"Peke yake," Alonzo alijibu.

"Una hakika?"

"Gazeti liliandika hivyo."

Mama Eulalie alimkazia macho, kisha akamrudishia karatasi yake.

Alhamisi ikafika. Kimondo ilijaa pomoni, maana watu ambao hawakuipanda kwa miaka kumi walikuja na kamera kuililia. Meza zote zilikaliwa isipokuwa ya sita. Kila aliyekaa hapo aliinuka baada ya dakika moja akisema kuna baridi. Roscoe alikuwa ameleta unga wake kutoka nyumbani, akaoka skonzi katika lile jiko nusu.

"Nifungie mbili," alisema Alonzo.

"Mbili tu? Chukua kumi, leo hakuna wa kutufukuza."

"Mbili, Roscoe."

Roscoe akaacha mzaha. "Kuna nini, ndugu yangu?"

"Coralee asubuhi hakuweza kunyanyua kichwa," Alonzo alisema.

Saa sita kasoro robo alisimama kwenye kijia cha mwisho wa behewa, kifurushi kifuani, mkono kwenye mpini mwekundu wa breki ya dharura ambao hakuwahi kuugusa maisha yake yote. Aliyaona mahindi. Akasikia, ndani ya behewa lile lililofungwa pande zote, matone ya maji yakidondoka polepole kutoka juu sana, kama yanadondoka kutoka kwenye tangi. Akavuta.

Chuma kililia. Vikombe vilimwagika, abiria walipiga mayowe, treni ikajikokota na kujikokota, ikasimama. Na Alonzo alipofungua mlango aliona misingi ya mawe iko hatua kumi mbele yake. Kwa kuwa magoti yake hayakuwa ya kuruka tena, aliteremsha kigoda, akakiweka sawa kwenye kokoto kama alivyokiweka kila siku, akashuka juani.

Hapakuwa na upepo, na mahindi yalikuwa yakitikisika mstari mmoja tu, mstari uliokuwa ukija kwake, na mwisho wa mstari ule akatoka mwanamke aliyevaa koti la mwanamume, viatu vimefungwa kwa kamba, maji yakimchuruzika japo ardhi aliyoikanyaga haikulowa, mkono wa kulia wa koti ukining'inia mtupu, na uso wake, ambao Alonzo alijitayarisha kuuona umeoza au umepasuka, ulikuwa uleule wa siku zote, uso wa mtu aliyesubiri muda mrefu na hataki kulalamika.

"Nimechelewa, bibi," alisema Alonzo. "Nisamehe. Nimechelewa."

Mwanamke akanyoosha mkono wa kushoto, akapokea kifurushi, akakifungua kwa meno, akahesabu. "Mbili," alisema.

"Mbili. Kula, bibi. Kula upumzike."

Hakula. Alikifunga tena vizuri, akakibana kwapani. "Yangu si kitu," alisema. "Ya mdogo."

Basi Alonzo alikuwa anajua. Tangu mwanzo alikuwa anajua. Siku ya kwanza kabisa mwanamke yule alimwambia, moja yangu, moja ya mdogo, yuko kwenye kibanda cha udongo kule kijitoni, bado hajaweza kutembea mbali. Na Alonzo aliposoma gazetini *hana mtu*, alijua kuna mtoto kibandani anayesubiri mama na mkate, na neno moja tu kwa mtu yeyote kituo cha mbele lingetosha, na hilo neno hakulisema, siku ya kwanza kwa hofu, siku ya tatu kwa hofu, na siku ya kumi kwa sababu halikuwa tena na faida.

"Nilimtafuta kibandani," alisema mwanamke. "Hayupo. Alifuata mkate. Wewe unapeleka mkate wapi?"

Macho ya Alonzo yalimsaliti, yakaelekea mashariki, kule reli inakokwenda Chicago.

Mwanamke akatikisa kichwa kukubali. Akatembea hadi kwenye kigoda, akasimama kando yake, akainua kidogo pindo la koti, akangoja, kama wanavyongoja kina mama wote wa treni zote. Na mkono wa Alonzo, mkono uliofanya kazi hiyo maelfu ya mara bila kumuuliza mwenyewe, ukainuka, ukamshika kiwiko.

"Taratibu, bibi," kilisema kinywa chake. "Angalia ngazi."

Alipoelewa alichofanya, mwanamke alikuwa ameshaingia. Alonzo alirukia kishikio lakini kilikuwa cha baridi ya barafu, vidole vikateleza. Huko mbele kondakta, Bwana Halvorsen, alikuwa akitukana na kuamuru honi ya kuondoka ipigwe. Nani angehesabu mhudumu mmoja mzee? Kimondo ikavuta. Kwenye dirisha la meza ya sita alimwona amekaa, kifurushi mapajani, akitazama mbele.

Alonzo alikimbia hadi pumzi ikaisha, kisha akatembea. Aliifikia barabara, akawa ananyoosha mkono kila gari linapotokea, mtu mweusi mwenye koti jeupe la mezani katikati ya Iowa. Magari yaliongeza mwendo. Nyumba ya kwanza haikuwa na mtu. Ya pili pazia lilifunuliwa likafungwa. Alimwomba Mungu, akamwomba yule mwanamke, akamwomba hata mtoto aliyemwacha afe, akisema mchukueni mzee huyu, yule hana kosa, ana miaka saba. Jua lilizama akiwa bado anatembea. Ilikuwa saa moja usiku alipopata simu kwenye kituo cha mafuta.

"Baba!" Ardella alikuwa akilia na kucheka kwa pamoja. "Uko wapi? Amekula, baba! Amesimama kwa miguu yake!"

"Ardella, kuna mtu kabisha hodi? Usifungue."

"Si umemtuma mwenyewe? Yule mama wa kizungu, maskini, hana mkono mmoja. Amesema wewe ndiye uliyempandisha kwenye treni. Coralee kamkimbilia mlangoni kama anamjua. Moja kala Coralee, na nyingine..." Akasita. "Nyingine nimeona imeliwa tu."

"Mshike mtoto. Ardella, mshike mtoto wangu usimwachie!"

"Mbona unanitisha? Yuko hapa, kavaa koti lake. Anataka kukuaga. Haya, Coco, ongea na babu."

Kwenye simu yakasikika matone ya maji. Kisha sauti ya Coralee, yenye afya, ambayo hakuisikia tangu masika.

"Babu, tumeshiba. Mama anatupeleka nyumbani."

"Coralee, mama yako ni Ardella. Kaa hapohapo, babu anakuja."

"Hapana babu, usije," alisema mtoto kwa upole. "Alhamisi tutapita. Wewe simama palepale."

Simu ikaanguka upande ule, na Alonzo akamsikia binti yake akiita jina la mtoto, kwanza chumbani, halafu ngazini, halafu barabarani.

Kimondo haikupita tena, na reli zimeota majani. Watu wa Perdue wanasema kila Alhamisi, saa sita mchana, mzee mmoja wa koti jeupe husimama kando ya mawe ya tangi, amenyoosha mkono.